Bangili ya Karatasi

Kiingilio elfu thelathini kwa kichwa,
ndani yake elfu kumi ni ya kula.
Hesabu hiyo tuliipiga miezi minne,
mimi na Mfaume, kwenye kopo la maziwa ya unga
lililotobolewa kifuniko:
sare tatu za shule, koti la harusi la kupunguzwa kiuno,
zipu, zipu, zipu.
Zipu ni mia tano. Pepo yetu ilijengwa kwa zipu.

Getini, pale Mikindani, kijana akafungua pochi yangu.
"Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama."
Mtoto wa Binti Liyumba huyu, namjua,
suruali aliyovaa nimeikata miguu mwenyewe,
lakini leo ana simu ya upepo kiunoni na hanijui.
Akaitoa korosho yangu, nusu kilo,
akaiweka kando taratibu, kama anayemlaza mtoto.
Sindano na uzi hakuviona, au aliviona.
Kisha akatufunga bangili za karatasi, rangi ya chungwa,
nasi tukawa wageni
umbali wa nauli ya bajaji kutoka kitandani kwetu.

Orodha ya vyakula niliisoma kuanzia kulia, upande wa bei.
Maji, elfu tatu.
Pweza wa kuchoma, elfu thelathini na tano.
Korosho, kisahani, elfu kumi na mbili.
Mfaume akacheka mpaka mhudumu akasogea.
"Mnadani mwaka huu kilo ilikwenda ngapi?"
"Nyamaza," nikamwambia, "hapa tumekuja kupumzika."
Tukaagiza chipsi sahani moja, uma mbili,
na chupa moja ya maji kwa bilauri nne, ili meza ijae.

Bwawani dira hairuhusiwi, ubao umesema.
Nikakaa ukingoni; miguu tu ndiyo iliyolipiwa.
Mfaume akaingia na bukta yake ya mpira,
akasimama katikati, maji kifuani, mikono juu
kama anayevuka mto na mzigo,
asijue afanye nini na maji yasiyokwenda popote.
Mzungu mmoja mzee akamtabasamia.
"Karibu sana," Mfaume akamjibu,
kama mwenye nyumba.

Ng'ambo ya kamba watoto wa mtaani wanaogelea bure,
bahari ileile, chumvi ileile.
Mmoja akapaza sauti: "Fundi Somoe! Fundi Somoe!
Umefuata nini humo?"
Nikajifanya nasinzia.

Nilichofuata kiko juu, baraza ya ghorofani:
mapazia ishirini na mawili.
Niliyashona mwezi wa mfungo, kwa tochi ya simu umeme ukikatika,
na meneja alipunguza bei mara mbili.
Siku ya kuyapeleka nilipitishwa mlango wa jikoni.
Sijawahi kuyaona yakipigwa na upepo.

Yanapumua.
Mfaume, njoo uone, yanapumua!

La saba kutoka mwisho pindo limefumuka,
labda gurudumu la sanduku la mtu. Shibiri moja, si zaidi.
Nikaketi sakafuni, nikatoa sindano.
"Umelipa elfu thelathini," akasema,
"uje kufanya kazi?"
Nikamwomba aniinulie kitambaa kwenye mwanga.
Akainua, bukta ikimtona maji,
tukakaa hivyo, kimya, na raha yenyewe ilikuwa hiyo,
kama raha inaweza kuwa na mguu uliokufa ganzi.

Saa kumi na mbili wakatuaga.
Getini kulikuwa na mkasi wa kukatia bangili.
Nikasema acha, mikasi ninayo nyumbani.
Mtoto wa Binti Liyumba akanirudishia korosho,
imepungua.
Sikusema kitu. Naye yupo zamu tangu alfajiri.

Leo Alhamisi, bado ipo mkononi,
imepauka, inakwaruza kitambaa nikisukuma cherehani.
Mteja kaitazama, kanionea huruma:
"Pole, fundi. Ulilazwa Ligula?"
"Nililazwa," nikasema.
"Siku moja tu."