Upindo

Daftari langu la vipimo lina mafuta ya cherehani kwenye kona.
Humo nimeiandika Kiborloni nzima kwa penseli:
kiuno cha mwalimu mkuu, mabega ya bwana harusi,
tumbo la Mama Siaeli kabla ya mapacha na baada.
Ukurasa wa mwanangu Kundaeli ni huu.
Darasa la tatu: suruali, inchi ishirini na nane.
Darasa la nne: ishirini na nane.
La tano: ishirini na nane, na hapo penseli imekandamizwa
hadi karatasi ikatoboka.

Mdogo wake Aminieli akampita kimo Pasaka ile.
Nguo zikaanza kurithiwa kinyumenyume,
kama mto Rau kupanda mlima:
mdogo akavua, mkubwa akavaa.
Sikusema neno. Nilihamisha vifungo tu.

Januari, jua la Moshi linalainisha lami,
yeye yumo ndani ya sweta.
"Baridi, mama."
Nikamwita mvivu. Naandika hili kwa mkono uleule
uliompiga kwa kusinzia juu ya uji.
Shuleni walimwita Kipisi.
Shangazi zake wakauhesabu ukoo hadi Old Moshi
wakitafuta mfupi wa kumsingizia, wakamkosa,
wakaniangalia mimi.

KCMC walimtoa damu,
wakapiga picha mkono wake wa kushoto.
Daktari, binti mwenye kalamu tatu mfukoni,
akaibandika dirishani:
"Mwanao ana miaka kumi na mitatu. Mifupa yake ina minane."
Miaka mitano ililala wapi?
Akanigusa kooni, pale ninapotundika futi yangu.
Tezi iko hapa, akasema, mabawa mawili ya kipepeo.
Ya mtoto imechoka. Haitoi ile homoni
inayouamsha mwili uende kazini.
Kisha kwa ncha ya kalamu akaonyesha mwanya
mwembamba kama uzi, karibu na kiungo cha kila kidole:
"Hapa hapajafunga. Bado kuna nafasi."

Maneno mengine yote ya pale yalinipita.
Hilo nililielewa.
Ni upindo. Kila sare ninayoshona naacha inchi mbili
zimekunjwa ndani, kwa ajili ya mtoto ajaye
ndani ya mtoto huyu.
Nani alinishonea huyu, akaniachia upindo,
nami nikaupiga pasi miaka mitano?

Kidonge ni kidogo kuliko kifungo cha shati la kichanga.
Alfajiri, tumbo tupu, maji;
nusu saa, ndipo uji.
Mpaka lini? Maisha yote, akasema daktari.
Na bei, niliposikia bei nililia:
haifiki zipu moja kwa siku.

Wiki ya sita sweta lilibaki kitandani.
Mwezi wa nne akapasua kioo cha Mama Siaeli kwa mpira.
Nikakilipa kama anayetoa sadaka.

Sasa ni Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati.
Suruali inaonyesha vifundo vya miguu.
Nimeshika wembe, nafumua; nyuzi kuukuu zinatoka
na chini yake mstari wa buluu mbichi
ambao haujaona jua.
"Njoo nikupime."
"Mama, usinipime leo. Nachelewa."
Ukali huo sijawahi kuusikia.
Mlango umebamizwa.
Nimesimama na futi shingoni,
penseli mkononi, ukurasa wazi.