Tone la Ziada

Liepaja, theluji imefika dirishani.
Gunvaldis anatandaza taulo jeupe mezani,
skrubu ikianguka isikimbie,
anavaa miwani juu ya miwani.

Kamera ni ya mnadani, yuro nane.
Kuvu imetambaa ndani ya lenzi kama mizizi ya kitunguu.
Shata inafunguka, inasita,
inafumba kwa uvivu wa kope za mgonjwa.

"Fundi gani huyu,
kamimina mafuta kama anakaanga samaki?"
Petroli, pamba, kijiti cha kiberiti:
kibapa baada ya kibapa anafuta,
akiilaani mikono asiyoijua.

Kisha, chini ya kifuniko, nyuma ya springi,
herufi mbili zilizokwaruzwa kwa sindano.
G.O.
Na mwaka aliomwoa Skaidrite.

Anavua miwani. Na ile nyingine.
Nje jirani anakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
anakwangua, anakwangua.

Alikuwa na haraka siku ile.
Harusi, suti ya kuazima, mteja mlangoni.

Sasa anatia tone moja, kwa ncha ya unywele.
Anakaza. Anafyatua.
Tsik.
Anasikiliza hadi chai inapoa.
Tsik.

Anatafuta sindano.
Pembeni ya herufi zile anaandika mwaka huu,
na neno moja la kwao:
samahani.