Filamu ya Kifaransa, Kisumu

Wameteremsha mapazia,
mashine imeitupa Paris ukutani.
Apondi, ufagio kwapani, anatazama kwa kuibia.

Yule binti hana kodi ya nyumba.
Hilo halitaki mkalimani:
anavyohesabu sarafu mara ya pili
kana kwamba zitazaana,
anavyopita mlango wa mwenye nyumba
viatu mkononi.

Maandishi ya chini yana haraka.
Apondi akifika neno la tatu, yamekwenda zake,
basi anamtafsiri mwenyewe, kwa Kijaluo, polepole.

Mara binti anakata mkate,
anauma mara mbili, anauacha mezani,
anakwenda dirishani kulia.

"Ala! Si umalize kwanza!"

Vichwa vinageuka. Meneja anakohoa.

Saa tatu, taa.
Wageni wanasifia huzuni ile, huzuni safi, wanasema,
wakitafuta funguo za magari.
Apondi anafagia bisi chini ya viti,
anaokota shilingi ishirini,
anatazama nyuma, anaitia soksini.

Obunga bado wanakaanga.
Ananunua mgongo wazi,
anaufyonza hadi mwiba wa mwisho.
Kilio kitangoja.
Chumba chake hakina dirisha.