Kifurushi Namba 614

Herufi zilikuwa tatu kwenye vifungo vya koti la baba,
tatu kwenye vikombe, tatu kwenye blanketi
alilotufunika nalo, mimi na pacha wangu.
Kabla sijajua alifu wala a-e-i-o-u
nilikwisha kujua kusoma shirika la reli.

Mwaka ule hakufa mtu barabara ya kumi na mbili,
lakini wanaume walishinda barazani siku ya kazi,
kofia magotini.
Tanga ikakaa matanga.
King'ora cha karakana, kilichokuwa saa ya mji mzima,
ambacho mama alikitegea kuepua maharage,
kilinyamaza Jumanne.
Jumatano maharage yakaungua.

Walisema Jumuiya imevunjika.
Mimi nilidhani ni chombo,
nikatoka kwenda kutafuta vigae.

Nikavipata:
kopo tupu la Kimbo, sasa kipimo cha mchele;
jina la Mombasa kwenye ubao wa ratiba,
limepakwa chokaa mkono mmoja tu,
jua likilipiga bado linasomeka;
na Mwakidundu fundi boila, mkewe yuko Voi,
anakunja barua, anakunjua,
hajui aitie sanduku gani.

Na ghalani, rafu ya tatu, kifurushi.
Kichwa cha cherehani, hakina meza,
kimeshonewa ndani ya gunia la katani.
*Kutoka: Mwanatumu Ndaro, Makorora.
Kwenda: Mejumaa Ndaro, Likoni.
Kilo kumi na tatu na nusu. Imelipiwa.*
Kilipokelewa siku mbili kabla mpaka haujafungwa.

Mwanatumu alikuja kila Ijumaa, baada ya sala.
"Kimefika?"
"Kipo njiani," baba akajibu,
na njia yenyewe
ilikuwa hatua nane kutoka kaunta.

Ghala lilipokabidhiwa kwa wenye herufi mpya
baba alikuja nacho nyumbani, begani,
akakisukuma chini ya kitanda.
Mama alikuwa akitushonea nguo za Idi kwa mkono,
kidole kimechomwachomwa.
"Mhina, mashine inalala, mimi nakesha."
"Si yetu. Nimeitilia saini."
Miaka ile tulifulia majani ya mpapai,
koroboi tuliizima kabla ya kula,
lakini kila Ramadhani alifumua mishono miwili ya gunia,
akapenyeza kidomo cha kopo,
akadondosha mafuta kama anayemnywesha mgonjwa,
kisha akashona tena pale pale.

Mpaka ulipofunguliwa, Mwanatumu alikwisha kuzikwa.
Baba, magoti yamemkatalia, akanituma mimi.

Horohoro, bwana forodha akauliza:
"Bidhaa ya nchi gani?"
Nikampa stakabadhi. Akaigeuza. Akacheka,
kisha akaacha kucheka.
"Huu ulikuwa mzigo wa ndani," akasema.
"Sasa ni wa nje. Ulipie."
Akakipandisha mizanini:
kilo kumi na tatu na nusu.
Miaka sita haikuongeza hata wakia.

Mejumaa alifumua gunia kwa meno.
Akazungusha gurudumu. Likaenda,
laini, kana kwamba lilisimama jana.
Sindanoni mlikuwa bado mmetungwa uzi wa kijani,
wa kanzu fulani ya Makorora ambayo haikumalizwa.
Aliutazama mpaka chai yangu ikapoa.
Akauchomoa taratibu, akaufunga kwenye pindo la kanga,
pale watu wanapofunga pesa.

Nikakohoa. "Samahani, bibi. Saini hapa.
Baba anasubiri nakala."
Akatia dole gumba.

Baba aliitazama nakala ile kwa miwani, tena bila miwani.
Akaandika tarehe. Akaitoboa tundu mbili,
akaitia kwenye faili la kiinua mgongo chake,
juu ya barua kumi na tisa za madai.
"Huyu kafika," akasema, akifunga kamba.
"Bado mimi.
Mimi nipo njiani."