Sheria Ndogo Yaishia Korongoni

Imepita. Mikono ishirini na saba juu,
mitatu chini, mmoja ulikuwa ukijikuna.
Kuanzia Julai mosi, ndani ya mipaka yetu,
unga wa njano wa kopo lenye fuvu
hauuzwi, hauhifadhiwi, hautangazwi.

Mimi mwenye duka la pembejeo hapa Mpunguzi,
kati ya mashine ya kusaga na fundi viatu,
nilikaa benchi la nyuma, kopo langu mkobani,
nikijiuliza nani atakuja kuyahesabu mengine.

Sijasema dawa ni njema.
Naijua. Imenila kucha mbili
kwa miaka tisa ya kupima kijiko kwa kijiko,
nikiwafungia wasio na hela ya kopo zima
kwenye karatasi za daftari la Penina:
hesabu za darasa la nne kwa nje,
kifo cha ukungu kwa ndani.
Harufu yake ni ya kitunguu kilichochemshwa na kutu.
Hunifuata mezani. Hula nasi.

Na Yoramu Ndahani namjua.
Alinyunyizia zabibu za watu misimu kumi na mmoja,
bomba mgongoni, shati la kampeni, kandambili,
kitambaa mdomoni kama mtu anayeficha pengo.
Sasa kikombe hukishika kwa mikono miwili
na chai bado humwagika.
Daktari aliandika: huenda.
Huenda ni dawa. Huenda ni umri. Huenda ni gongo.
Neno hilo moja
limebishaniwa mchana kutwa chini ya feni bovu.

Diwani Chilongani akasimama:
"Leteni ushahidi. Hatufungi mlango
kwa kusikia nyayo."
Lois Mbijili wa viti maalumu akajibu bila kuinuka:
"Ukisikia nyayo usiku, mheshimiwa,
hungoji kuhesabu meno ya fisi."
Wakacheka. Wakapiga kura.

Lakini sheria ndogo ina miguu mifupi.
Hutembea hadi korongo la mchanga,
hufika, huvua viatu, hurudi.
Ng'ambo ni Chamwino. Ng'ambo binamu yangu
ana duka pia, ana makopo yaleyale,
na jana, kabla hata ya kura, alinipigia:
"Niletee uliyonayo, nakupa nusu bei."
Na upepo wetu huu, nani hajala vumbi la Septemba?
Upepo hauulizwi kitambulisho.
Utavuka na unga wao asubuhi
utue kwenye kamba zetu za nguo,
kwenye mlenda tulioanika juu ya bati.

Ukungu nao haukuhudhuria kikao.
Mvua ikichelewa kuisha, zabibu zitaota mvi,
na mkulima mwenye mkopo atasimama dirishani kwangu:
"Sasa?"
Nimesoma kurasa zote nne.
Kuna faini, kuna kifungo, kuna muhuri.
Kipengele cha Sasa sijakiona.

Hata hivyo, ningekuwa na mkono wa kuinua
ningeuinua. Hata kwa sheria hii inayochechemea.

Jioni kijana wa bodaboda akaja na boksi tupu:
"Binamu yako kanituma."
Makopo kumi na manne. Nusu bei yake
ni ada ya Penina ya muhula mzima.
Nikamwambia, rudi nalo.
Usinisifu. Nilikuwa ndio kwanza natoka kwa Yoramu,
nimemshikia kikombe.

Sasa nayazunguka, sijui pa kuyatupa.
Shimoni, kuku wanachokora.
Motoni, moshi utabisha hodi kwa jirani.
Korongoni, kina mama huchimba maji mchangani.
Nimeyatia kwenye sanduku la bati, kufuli mbili,
nikalikalia.
Wateja wakija nauza mbegu, kamba,
chumvi ya ng'ombe,
bila kuinuka.