Kigoda Kimehama Mara Nne

Asubuhi hii nabeba kigoda changu
kama paka abebavyo kitoto chake,
kila pembe ya nyumba naiona haifai.

Raiya ametulia, shingo imenyooka,
hina ya jana ingali yanuka karafuu mikononi.
Anaolewa leo, hapa Langoni, na mpambaji ni mimi,
Bi Thureya, miaka thelathini na mitatu ya brashi,
niliyempamba mama yake na mama zake wadogo,
na sijawahi kumtoa bibi harusi
uso wa chokaa, shingo ya kahawa,
ila mara moja, Mkomani, chini ya taa ya tyubu,
nayo taa ile nimeshaitukana vya kutosha.

Basi mianga naijua.
Tyubu hufyonza damu mashavuni:
utaongeza rangi, utaongeza,
ukimtoa nje ni kama aliyezabwa makofi.
Globu ya manjano ni mgeni wa karamu,
husifu kila sahani.
Tochi ya simu usinitajie,
hiyo ni ya kusakia nge chooni.
Mwanga wa haki ni wa saa tatu, kiwandani,
ua wetu wa katikati usio na paa,
jua lingali ukutani kwa jirani,
lagonga chokaa, lashuka limepoa,
mwanga usio na upande.
Hapo nyusi husema kweli. Hapo wanja
ukipotoka unywele mmoja, utauona.

Nimemweka hapo. Saa tatu kasoro robo.
Mbingu haina hata wingu la kusingizia,
na mimi unywele siuoni.

Nikasema, "Leo kuna ukungu."
Raiya akatazama juu, hakujibu.
Nikahamia msana wa ndani, mbele ya zidaka
(mama yake humo kaweka sahani za kale na dawa ya mbu),
nikasema ukuta huu umefifia, wataka chokaa.
Nikapanda darini, chini ya makuti,
nikagombana na makuti.
Nikarudi chini. Nikamtuma Shumi dukani
aje na globu ya wati mia.
Akaja nayo, nyeupe, mpya, tukaiwasha mchana kweupe,
stima ya watu yapita bure,
na uso wa Raiya ukabaki
kitu kinachotazamwa kupitia maziwa.

Rangi ya mdomo niliyoichagua ilikuwa zabibu.
"Shangazi," akasema taratibu, "hii ni kahawia."
Nikasoma kibandiko.
Nilijifanya nasoma.
Niliinusa.

Shumi alisimama na boksi tupu la globu,
halijui pa kuliweka.

Raiya akaondoka kitini.
Akanishika bega, akaniketisha mahali pake,
akanielekeza uso juu, kiwandani,
vile vile nilivyomwelekeza mama yake,
akanifungua kope kwa kidole cha hina.
"Ndoo uone, Shumi.
La kulia lina wingu."

Mimi ambaye sikujaliwa kuzaa
nimepata mtoto: wa jicho.
Na tangu mfungo sita nalaumu taa,
globu saba nimenunua,
fundi wa stima nimemwita mwizi.

Tukafanya hivi: yeye kioo, mimi mkono.
"Juu kidogo. Rudi. Hapo, hapo, acha."
Kidole changu kiliujua mfupa wa shavu
kama ulimi uijuavyo pengo la jino.
Zabibu aliitafuta mwenyewe.

Usiku, ukumbini, wanawake wakapiga vigelegele,
mmoja akaninong'oneza: "Ulimpambia taa gani?"
Nikamwambia ya kiwandani. Sikusema uongo.

Jumatatu nitakwenda hospitali, nimeapa mbele ya watu.
Lakini kabla hajavaa, Raiya alikichukua kijiti
akanipaka wanja na mimi,
haraka haraka, huku akicheka.
Haukunyooka. Niliupapasa, nikajua.
Nikauacha.