Kibawa cha Kulia

Ilikuwa ikiondoka kama mlevi anayeinuka kitini:
omo juu, tezi chini,
mbele sioni kitu ila mbingu na ncha ya kamba.
Petroli lita ishirini ya kwenda, na kurudi ni dua.
Tena ililalia kulia,
kwa kuwa kulia ndiko alikokaa Shekue
na sanduku la barafu, na ule mwili
ambao mamake aliulea kwa mahamri
wala hakuwahi kuuambia basi.

"Hamia katikati."
"Katikati kuna petroli," akasema, "na mimi navuta sigara."

Nikaenda dukani, Mwembe Tayari.
Muuzaji akafungua boksi: vibawa viwili vya tezini,
vinang'aa, vina nyaya na swichi
na mota ndogo za kuvishusha.
Nikauliza bei. Nikauliza tena, nikidhani sikusikia.
Halafu nikakumbuka mashine yetu huwashwa kwa kuvuta kamba;
betri zote tulizo nazo zimo ndani ya tochi.
Akanitolea cha mnyonge: pezi la plastiki
la kufungwa juu ya rafadha.
Likadumu wiki tatu,
likapasuka penye tundu la bolti,
nikabaki na nusu yake na risiti.

Basi Jomvu, kwa Mejumaa,
anayechomelea mageti na vitanda.
Alikuwa na kaunta ya jiko la hoteli iliyofungwa,
stenlesi, bado ina mikwaruzo ya visu.
"Mashine farasi wangapi?"
"Arobaini."
"Na huyo?" Akamwonyesha Shekue kwa kidevu.
Tukacheka sote, Shekue kutushinda.

Akakata vipande viwili,
kila kimoja sawa na kiti cha mbuzi ya kukunia nazi,
akavikunja makali, akavitia bawaba,
na juu ya kila kimoja skrubu ndefu
ya kushushia na kupandishia kwa spana.
Kutoboa aliniachia mimi.
Jaribu siku moja kuitoboa boti yako kwa mkono wako,
chini ya mstari wa maji, mara kumi na mbili.

Tudor maji yalikuwa yamejaa.
Tulipochapuka omo ikashuka,
nikaliona daraja la Nyali zima, nguzo hadi nguzo.
Lakini kulia bado.
Mejumaa, amekalia ndoo, akapaza sauti:
"Upande ulioelemewa ndio wa kushushiwa kibawa!
Kinayasukuma maji chini, maji yanausukuma juu!"
Zamu tatu za spana. Ya nne.
Ikakaa. Chai kikombeni haikuinama.

Hiyo ilikuwa Rajabu.
Kufika Mfungo Pili boti inalalia kushoto.

Nikachungulia ngama: kavu.
Nikapima bawaba kwa rula,
nikamlaumu Mejumaa moyoni.
Hakuna kilichosogea.
Shekue kakaa pale pale, kulia,
mshipi wa suruali umefika tundu
alilolitoboa mwenyewe kwa msumari.
Akanywa maji. Kabla hatujafika mwambani akanywa tena,
akaumaliza mtungi, akaulizia wangu.
Zahanati ilikuja kulitaja baadaye,
sukari, jina tamu lililoje;
boti ilikuwa imeshapima.

Siku hizi kichupa cha dawa kimo sandukuni,
kimezongwa taulo kisigande, jirani na chambo.
Sigara ameacha, au anavuta nisipomwona.
Na akishuka kwenda kuuza kolekole
mimi nainama tezini na spana namba kumi na tatu,
napandisha kibawa cha kulia robo zamu.
Mwezi uliopita robo. Mwezi wa kabla yake nusu.
Simwambii.

Jana akaniuliza mbona kila tukifika
naloa hadi viwikoni.
Nikasema bolti zinalegea.
Akaniangalia, akauangalia ule mkono wenye spana.

"Zikaze basi," akasema.